Nyusi Zilizoinuliwa Voi

Mgonjwa wa kwanza kukataa dawa mkononi mwangu alikuwa mama mmoja wa Wundanyi aliyelazwa na kidonda cha mguu. Penisilini nilikwisha kuivuta kwenye bomba la sindano, nikamwomba ageuke. Hakugeuka. Alinitazama usoni kwa utulivu, kama mtu anavyotazama mawingu kabla ya kuanika mahindi, akaniambia kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, kwamba angemngoja nesi mwingine.

"Kwa nini, mama?"

"Una hasira, mwanangu. Sindano ya hasira haiponyi."

Sikuwa na hasira. Nilikuwa na njaa kidogo, na viatu vyangu vipya vilikuwa vikinibana, lakini hasira sikuwa nayo, au angalau sikuiona popote nilipoitafuta.

Nilizaliwa na paji la uso lililoshuka. Nyusi zangu zilikuwa nzito, zimelala juu ya kope, na katikati yake palikuwa na mkunjo kama wa mtu aliyeletewa habari mbaya hivi punde. Baba yangu analo paji hilohilo. Mama yake, ambaye jina lake nimerithi, alikuwa nalo pia, kwa jinsi nilivyosimuliwa. Mahali pengine watu wangesema tu kwamba binti yule ana uso wa huzuni, wakapita. Kwetu Mghange, juu ya milima ya Taita, haikuwa hivyo. Watu wa milimani wanajua kwamba uchungu uliofichwa moyoni unaweza kumdhuru mtu hata kama mwenye uchungu hakutamka neno. Maziwa ya ng'ombe hukauka, mtoto hushikwa na homa, na jamaa huanza kuulizana nani ana kitu moyoni. Aliye nacho huletewa maji au maji ya muwa, akasema maneno ya amani, akayaweka kinywani na kuyapuliza nje kwa nguvu, na hasira hutoka pamoja nayo. Huko ndiko kutasa. Tulikuwa Wakristo, tulikwenda kanisani viatu mkononi tukavivaa mlangoni, lakini kutasa kulibaki palepale nyuma ya jikoni.

Utotoni nilitasa kuliko mtoto yeyote ninayemjua. Mbuzi akiharibu mimba, nililetwa mimi. Mjomba akiteguka mguu, niliitwa kutoka shambani nikiwa bado na jembe. Nilipuliza nje hasira ambazo sikuwa nazo mpaka nikaanza kushuku kwamba ninazo, ila siwezi kuziona, kama mtu asivyoweza kuona kisogo chake. Shaka hiyo nilishuka nayo Voi nilipokwenda kusomea uuguzi katika hospitali ndogo ya misheni, na ilikuwa ingali nami siku ile nilipokuwa nimesimama mbele ya mama wa Wundanyi na sindano yangu.

Nikaangalia huku na huku. Sista, yule Mzungu msimamizi wa wodi, alikuwa kwenye chumba cha dawa. Nikachukua kikombe cha mgonjwa, nikasema maneno niliyoyajua tangu utoto, nikapiga funda moja, nikayapuliza maji sakafuni kando ya kitanda. Mama yule akageuka papo hapo akanipa paja lake.

Kufika jioni wodi nzima ilikuwa na habari. Wiki chache baadaye hakukuwa na mgonjwa wa kutoka milimani aliyekubali kidonge changu bila mimi kupuliza maji kwanza. Wengine walicheka. Mkamba mmoja wa reli, aliyevunjika mkono, alikuwa akiniita kutoka kitanda cha mwisho upande wa wanaume: "Dada wa mvua, pitia na huku. Nimwagilie nami nikue."

Sista alinikamata asubuhi moja nikiwa na maji kinywani. Lazima ieleweke kwamba hospitali ile ilikuwa ikipigana na kifua kikuu, na juu ya kila mlango kulikuwa na kibao kinachokataza kutema mate. Vibao hivyo aliviandika yeye mwenyewe, kwa rangi nyekundu.

"Umetema mate ndani ya wodi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kila neno limesimama peke yake.

"Ni maji, Sista."

"Maji hayo yametoka wapi?"

"Kinywani."

"Basi ni mate."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa maana hakuwa mtu mbaya, halafu akaniambia mambo mawili. La kwanza, nikirudia nitaondolewa wodini nipelekwe chumba cha nguo. La pili, wagonjwa wakiendelea kukataa dawa kwangu, pia nitapelekwa chumba cha nguo, kwa sababu wodi haiwezi kuwa na nesi ambaye dawa yake hainyweki. Chumba cha nguo kilikuwa nyuma ya hospitali. Humo mtu alihesabu mashuka, akayachemsha, akayakunja, na hakuona mgonjwa mchana kutwa. Miaka mitatu nilikuwa nimejifunza kufunga vidonda. Niliipenda wodi ile kwa jinsi ambavyo sijapenda mahali pengine tangu hapo: mwanga wa asubuhi ukiingia kupitia wavu wa mbu, vikohozi vya watu wanaoamka, mkono wa mgonjwa ukitafuta wangu kabla sijafika kitandani. Sasa nikitasa ningeipoteza, na nisipotasa ningeipoteza vilevile.

Aliyenitolea njia ya tatu alikuwa daktari wa upasuaji. Alikuwa akija kwa gari moshi kutoka Mombasa, anakaa siku kadhaa, anapasua waliomngoja, anaondoka. Wakati wa vita alikuwa akitengeneza nyuso za askari walioungua. Nadhani Sista alimsimulia habari zangu kwenye chai, labda kama kichekesho. Daktari akaniita chumba cha upasuaji, akanisimamisha dirishani, akaweka vidole gumba vyake viwili juu ya nyusi zangu na kuzisukuma juu, kama mtu anayesukuma unga uliokandwa.

Chumba kikajaa mwanga. Sikuwa nimejua kwamba miaka yote ile nilikuwa nikiishi chini ya upenu.

"Hii iko mzito," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Mimi nakata hapa nyuma, ndani ya nywele. Navuta juu, nashona. Kovu hapana onekana. Wewe nataka?"

Nikamuuliza nitafanana na nani.

Alicheka. "Na wewe. Lakini wewe umeamka."

Angerudi mwezi uliofuata. Nilikubali. Nilikubali haraka, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na nilipotoka nje nikasimama kwenye jua bila kujua nimekubali nini.

Niliomba ruhusa ya siku mbili niende kwetu. Gari la abiria lilitupeleka mpaka Mwatate, tukaanza kupanda, mkonge ukibaki chini nyuma yetu katika safu zake zilizonyooka, na tulipofika Wundanyi baridi ilinikuta nikiwa na gauni jepesi la Voi. Kutoka hapo ni miguu. Baba nilimkuta akizibua mfereji wa maji juu ya shamba, suruali imekunjwa magotini.

"Daktari anataka kunipasua," nikamwambia baada ya salamu.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Ni paji la uso."

Alisimamisha jembe. "Limefanya nini?"

Mama alikuwa anashuka na kuni, akasikia. "Limefanya nini? Uliza mbuzi wangu," akasema. "Na kama huko Voi wanainua mapaji, nenda na baba yako. Miaka yote hii naishi na mtu nisiyejua kama chakula kimempendeza."

Nilicheka mimi, na mama akacheka. Baba aliupitisha mkono wenye tope juu ya paji lake, taratibu, kama anayehakikisha kwamba bado lipo. Niliwaeleza habari za Sista, maji, na chumba cha nguo. Alisikiliza huku akiutazama mfereji. Mwishowe akasema, "Wewe ni mtu mzima. Wakate," akarudi kwenye tope lake.

Asubuhi mama alikamua muwa, akamletea baba maji yake kwenye kibuyu kidogo. Mtu haendi chini ya kisu bila baba yake kumsemea. Baba alisimama mlangoni, akaelekea jua linakotokea. Alisema maneno mazuri: kisu kiwe chepesi, mkono wa daktari usitetemeke, damu ijue njia ya kurudi. Akapiga funda. Nilisubiri kusikia maji yakipulizwa. Badala yake niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Umemeza," mama akasema.

"Nilikuwa na kiu."

"Basi piga lingine."

"Gari litamwacha huko Wundanyi," baba akajibu, akakirudisha kibuyu, akashika jembe. Nami nikaondoka. Njia nzima nilibishana na nafsi yangu. Mtu anaweza kuwa na kiu asubuhi. Maji ya muwa ni matamu. Na mimi ni nesi, nimesoma jinsi kidonda kinavyopona, sikuona katika kitabu chochote mahali pa koo la baba yangu.

Daktari aliporudi, maandalizi yalianza. Siku tatu nilioshwa nywele kwa sabuni ya kaboliki mpaka ngozi ya kichwa ikawa kama ya mtu mwingine. Nilipimwa damu. Nilinyweshwa mafuta ya mbarika, nikafunga kula tangu jioni. Aliyenishughulikia alikuwa nesi mwenzangu, binti wa nyumba ya Kiislamu pale mjini Voi, ulimi wake mwepesi kama mikono yake. Alinisuka nywele vifundo vifundo, akavifunga kwa vipande vya bendeji ili visisumbue, halafu akaninyoa mstari wa upana wa vidole viwili kutoka sikio hadi sikio.

"Haya, shoga. Una reli kichwani," akasema. "Pandia Voi, shukia Taveta."

"Usinichekeshe na wembe mkononi."

"Na ukishaamka na uso wako mpya, utatujua sisi? Au utapita tu, pua juu, nyusi juu?"

"Nitakujua kwa mdomo wako."

Jambo moja sikulitazamia. Zamu ya kuchemsha vyombo siku ile ilikuwa yangu, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Kwa hiyo nilivipanga mwenyewe: visu, koleo, mikasi, sindano zilizopinda, uzi mweusi wa hariri. Nikasimama juu ya sufuria nikivitazama vikicheza ndani ya maji yanayotokota. Nilikuwa nimechemshia watu wengi vyombo hivyo bila kufikiri. Sasa kila kimoja nilikiuliza kitapita wapi, na nilipovitoa nilivipangua na kuvipanga upya sinia zima, kana kwamba mpangilio ndio ulikuwa na kosa.

Nilipasuliwa nikiwa macho, nimelegezwa na mofini, ganzi imechomwa kuzunguka kichwa. Sikusikia uchungu. Nilisikia sauti, nayo ilikuwa karibu mno, kama mtu anayechana kitambaa cha kaki polepole ndani ya sikio langu. Kisha giza likaniingia. Daktari alikuwa ameifunua ngozi ya paji langu na kuishusha juu ya macho, na nikawa nimefunikwa kwa uso wangu mwenyewe. Humo gizani niliwaza koo la baba likipanda na kushuka.

"Wewe nalia?" daktari akauliza.

Sikujua. Mwenzangu alinifuta shavuni, akanong'ona kwamba ni maji tu. Baadaye nilimuuliza kile kipande cha ngozi kilichokatwa kilikuwa kikubwa kiasi gani. Akanionyesha kidole chake cha shahada. Nikamuuliza kiko wapi. Akaniambia kimekwenda kuchomwa pamoja na pamba, kisha akanitazama, akauliza kama nilikitaka. Hilo nalo sikujua.

Nililazwa upande wa wanawake, kitanda cha karibu na dirisha, nimekaa nusu wima juu ya mito, kichwa kimefungwa bendeji iliyobana hadi masikioni, na mpira mwembamba ukitoa maji ya kidonda nyuma ya sikio la kushoto. Siku ya pili uvimbe ulishuka kwenye macho, yakafunga. Kama nesi nilijua utashuka, ningeweza hata kumweleza mgonjwa saa utakapoanza. Kama mgonjwa sikujua lolote. Nilikaa gizani nikiwatambua wenzangu kwa viatu vyao, na nikawasikia wanawake waliokuwa wagonjwa wangu wakizungumza kana kwamba asiyeona hasikii.

"Ndiye yule wa maji?"

"Ndiye. Wamemtoa hasira kwa kisu."

"Hasira haikai kwenye ngozi."

"Wewe umejuaje?"

"Ingekuwa kwenye ngozi, hawa Wazungu wangekwisha kuitoa yote, watu wabaki wanachekeana."

Wodi ilicheka, na mimi nilijaribu kucheka, lakini kicheko kilifika kwenye bendeji kikagonga.

Siku ya nne homa ilinipanda. Upande wa kushoto ulianza kupiga kama ngoma ndogo. Sista alikuja, akanusa bendeji, akaifungua, na harufu iliyonifikia ikanieleza yote. Alianza kunichoma penisilini. Alipoondoka, mama mmoja wa kitanda cha pili, sauti yake nzito ya mtu mzima, aliniuliza taratibu, "Mwanangu, nani hakukusemea?"

Nilikuwa nesi. Nilijua kuna vijidudu, na kwamba nzi mmoja hutosha. Lakini homa ilikuwa imenichanganya mambo, au ilikuwa imeyapanga, mpaka leo siwezi kusema ni lipi.

"Baba alipiga funda," nikajibu. "Akameza."

Nilimsikia akiinuka kitandani.

"Alimeza?"

"Alisema ana kiu."

"Baba yako ni mtu wa kiu?"

Nilifikiri sana. Sikuwahi kumwona baba akinywa kitu haraka maishani mwake.

Siku hiyohiyo mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa aliondoka na habari hiyo kwenda milimani. Siku ya pili yake, saa ya wageni, nilisikia mlangoni kikohozi nikakifahamu. Hatua zake zilikuja polepole kati ya vitanda. Akakaa. Alinuka moshi wa nyumbani na udongo wa mfereji.

"Wamekufunga kama mzigo," akasema.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba." Akakisogeza kiti karibu na mto wangu. "Sikuwa na kiu," akasema.

Niligeuza kichwa upande wa sauti yake.

"Mama yangu alikufa mimi nikiwa kibarua kwenye mkonge. Nilipopata habari nikapanda mlima, nikakuta wamekwisha kumfunika. Sikumwona uso. Ulipozaliwa, wakakuleta mikononi mwangu, nyusi hizo ziko chini, mkunjo uko katikati. Nikasema, haya, amerudi nimtazame. Nimemtazama tangu siku hiyo. Sasa unakuja shambani kuniambia umepata mtu wa kumtoa."

"Nitaondolewa wodini, baba."

"Najua. Ndiyo maana nilisema wakate. Mdomo ulisema. Moyo ulikuwa haujasema." Nikasikia mkono wake ukitafuta kwenye meza ndogo. "Kuna maji hapa?"

Kikombe kiligusa meno yake, na wakati huohuo nikasikia viatu vya Sista kwenye kizingiti cha wodi, vile visigino viwili ambavyo ningevitambua hata nikiwa kaburini. Nikaona mambo yote mawili kwa mara moja, mimi niliyekuwa sioni: bendeji yangu iliyolowa maji ya baba, na chumba cha nguo.

"Usifanye hapa," nikasema.

"Mgonjwa ni wewe. Nifanyie wapi?"

"Barazani."

"Barazani nimsemee nani, nguzo?"

Mtu alicheka akajizuia. Visigino vikasimama miguuni pangu.

"Kuna nini hapa?" Sista akauliza.

Mwenzangu alikuwa karibu. "Mzee anataka kusukutua kinywa, Sista," akasema kwa sauti ya adabu kabisa.

"Nje, tafadhali."

Hatua za baba zikaondoka. Nilikuwa nimemtoa baba yangu nje kama mtu anavyotoa mbwa, ili nibaki na kazi, na moyo wangu ulinipiga kuliko kidonda. Dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Nilimsikia akija kusimama upande wa pili wa wavu, sauti yake chini, maneno yaleyale ya kisu na damu, na mengine ambayo sikuwahi kuyasikia, aliyokuwa akimwambia mama yake. Kisha maji yakaanguka kwenye majani ya maua yaliyopandwa ukutani. Nilisikia yakianguka. Lakini macho yangu yalikuwa yamefungwa, na siwezi kuapa kwamba yalitoka kinywani mwake, si kwenye kikombe.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Sista aliandika kwamba ni penisilini. Wanawake wa wodi walipeana habari kwamba ni baba. Daktari, alipopewa taarifa, alisema ni ule mpira wa kutoa maji, ambao mwenzangu alikuwa ameuzibua usiku. Kila mmoja alinieleza kwa uhakika wake, na kila mmoja nilimkubali alipokuwa bado anazungumza.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa. Macho yalikuwa yamefunguka zamani, yamezungukwa na rangi ya zambarau iliyoiva kisha ikawa ya manjano. Mwenzangu alileta kioo, akakishika mwenyewe kwanza upande wake, akanitazama.

"Umekuwa kama mtu aliyeitwa ghafla," akasema.

Akakigeuza. Mwanamke aliyekuwa ndani yake alikuwa na macho makubwa, meupe, yasiyo na upenu, na nyusi zilizopanda, ya kushoto juu kidogo kuliko mwenzake. Alionekana ameona jambo nyuma yangu. Niligeuka kutazama. Kweli, niligeuka.

Baba, ambaye alikuwa amekaa siku hizo kwa jamaa yetu mjini, alikuja kabla ya kupanda gari la kurudi. Alisimama mbele yangu akanitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama mche ambao hajui kama umeshika. Halafu akaweka kidole gumba katikati ya paji langu, akabonyeza. Ngozi ile ilikuwa imekufa ganzi. Niliona mkono ukija, niliona ukikaa, sikusikia chochote.

"Mfupa hawakuugusa," akasema, akachukua kofia yake.

Ganzi ile ilikaa miezi. Kichwa kiliniwasha mahali ambapo kidole hakikufika: nikikuna juu, mwasho ulikuwa chini, nikishuka, umehamia kisogoni. Nywele zilikatika kando ya kovu. Nilipolala macho hayakufunga sawasawa, na mwenzangu, niliyelala naye chumba kimoja cha manesi, alinifunika kitambaa usoni kwa sababu alisema hawezi kupata usingizi akitazamwa.

Kisha nikarudi wodini. Asubuhi ya kwanza nilizunguka na sinia la vikombe, na hakuna mtu hata mmoja aliyekataa. Wa milimani, wa mjini, Wakamba wa reli, wote walikunywa. Nilifika mwisho wa wodi na vikombe vitupu, nikawa karibu kuimba. Ndipo nikaona kwamba hawanywi kwa amani. Walikuwa wakinikazia macho, na kila nilipoinama juu ya kidonda, mwenye kidonda alishika pembe za kitanda.

"Dada, umeona nini?" mmoja akaniuliza.

"Sijaona kitu. Kinapona."

"Mbona umeshtuka?"

Mzee mmoja aliyengoja kupasuliwa ngiri alimwita mkewe akamwelekeza nani apewe ng'ombe yupi. Mwingine aliomba aletewe mchungaji. Hasira iliyokuwa ikisomwa usoni mwangu ilikuwa imeondoka, na mahali pake watu walikuwa wakisoma kifo chao.

Sista hakuyaona hayo. Aliona vikombe. Mwisho wa wiki aliniita mezani pake. "Nimeandika kwamba utabaki wodini," akasema, akanitazama juu ya miwani. "Hufurahi?"

"Nimefurahi, Sista."

"Unaonekana umeshangaa."

Nikashukuru, nikatoka. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata. Nilijipapasa nione kama ninafurahi, na kama zamani nilipokuwa nikitafuta hasira, sikuweza kusema kama kitu hakipo au mimi ndiye nisiyekiona.

Jumatatu iliyofuata niliwapa dawa wanawake. Kwenye kitanda kimoja alikuwapo mama kijana kutoka bondeni, aliyejifungua kwa shida akashikwa na homa. Alipoona uso wangu alirudisha kichwa nyuma, akaziba kinywa kwa kanga.

"Ninakufa, dada? Niambie tu. Nina mtoto."

Niliweka sinia chini. Nikakaa kitandani kwake, jambo ambalo nalo lilikatazwa. "Uso wangu usiutazame," nikamwambia. "Ulishonwa hivi. Nisikilize mdomo. Homa yako ilikuwa juu juzi, jana imeshuka, leo imeshuka zaidi. Hufi. Sina hofu juu yako. Sina hasira na wewe."

Alishusha kanga kidogo. Alinichunguza, nyusi, macho, kovu kwenye nywele, akarudi machoni.

"Huna hofu, huna hasira," akasema. "Basi una nini?"

Nilijaza kijiko, nikakisogeza karibu na midomo yake. Wa vitanda vya jirani walikuwa wameinua vichwa.

"Bado sijui," nikamwambia. "Kunywa kwanza."

Akafungua kinywa, akanywa.